Kupiga picha kwenye uwanja wa ndege: uchukue lenzi ya 100-400 au 150-600?

Mpenda ndege akishaamua kununua lenzi ndefu, swali la kwanza analouliza dukani ni moja: "Inafika ngapi?" Muuzaji anajibu 600, na biashara inakaribia kuisha hapohapo. Kwa anayewinda picha za tai Serengeti, swali hilo lina maana. Kwa anayepiga picha za ndege zikitua Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar, namba ya upande wa pili, ile inayosema lenzi inaanzia wapi, ina uzito uleule, na mara nyingi ndiyo inayokukosesha picha. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa wengi wetu lenzi ya kununua ni 100-400, yaani inayoanzia milimita 100 na kuishia 400. Ya 150-600 ni ya wachache wenye sababu maalumu, na sababu zenyewe nitazitaja.

Anza na urefu wa ndege

Kuna hesabu ndogo inayomaliza nusu ya ubishi. Chukua umbali kati yako na ndege kwa mita, zidisha kwa upana wa sensa ya kamera yako (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kwa milimita, kisha gawanya kwa urefu wa ndege kwa mita. Jibu ni milimita za lenzi zinazojaza fremu kutoka puani hadi mkiani, ndege ikiwa imekupa ubavu. Sensa kamili ina upana wa milimita 36. Sensa ndogo, zinazoitwa APS-C, za Nikon na Sony ni kama 23.5, za Canon 22.3.

Tuseme umesimama mita 300 kutoka njia ya kurukia. Inatua Boeing 787-8, aina waliyonayo Air Tanzania na Kenya Airways, yenye urefu wa mita 56.7. Kwenye APS-C unahitaji milimita 125 tu, na kwenye sensa kamili 190. Nyuma yake inakuja ATR 72 ya Precision Air, mita 27.2: hapo ni 260 kwa APS-C na karibu 400 kwa sensa kamili. Kisha Cessna Grand Caravan inayotoka mbugani na watalii, mita 12.7. Sasa unatafuta 555 na 850.

Umesimama palepale na kamera ileile, ila ndege tatu zimedai lenzi tatu tofauti. Ndiyo maana ushauri wa mtu anayepiga picha Embakasi, uwanja mkuu wa Nairobi, hauwezi kumfaa moja kwa moja anayepiga picha Wilson, uwanja mdogo wa jiji hilohilo, ambako Caravan na Dash 8 ndizo zinazojaza ratiba. Zanzibar ndiyo ngumu kuliko zote. Kicaravan kinatua, halafu dakika chache baadaye linaingia dude la kutoka Ulaya, na huna muda wa kubadilisha lenzi.

Hesabu hiyo tumeifanya kama vile ndege imesimama. Ndege haisimami. Boeing 787 inakuja kutua kwa kasi ya karibu kilomita 260 kwa saa, yaani mita 72 kila sekunde. Ukiianza ikiwa mita 900 kutoka kwako, sekunde kumi baadaye iko chini ya mita 200. Kwenye sensa kamili umeanza ukihitaji milimita 570 na umemaliza ukihitaji kama 120. Hapa ndipo mwanzo wa lenzi unapouma. Nikon 200-500 ikifungwa kwenye kamera ya APS-C haiwezi kuingiza 787 nzima mpaka iwe zaidi ya mita 480 kutoka ulipo. Ya 150-600 inahitaji kama mita 360, na ya 100-400 inahitaji 240. Na sekunde ambayo matairi yanagusa lami na kutoa ule moshi wa bluu kwa kawaida ndiyo sekunde ambayo ndege iko karibu nawe zaidi. Mwenye 200-500 anabaki na picha nzuri ya mkia peke yake.

Walioko Uingereza wanalijua hili kwa njia nyingine. Pale Myrtle Avenue, karibu na Hatton Cross, ndege zinazotua Heathrow zinapita chini kiasi kwamba mwenye lenzi ya 600 anabaki kuhesabu riveti. Kule hata 70-200 inatosha.

Pangaboi ndizo zinazoamua

Miongozo mingi ya lenzi za ndege imeandikwa na watu wanaopiga picha za jeti. Kwa jeti unaweka kasi ya shata 1/1000, yaani kamera inapokea mwanga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mambo yamekwisha. Kizuia mtikisiko cha lenzi hakina kazi kubwa hapo, na fokasi ndiyo inayobeba mzigo. Huku kwetu sehemu kubwa ya ndege za ndani ni pangaboi, zinazoendeshwa kwa panga: Q400 (aina ya Dash 8), ATR, Caravan. Ukiipiga Q400 kwa 1/1000, panga sita za kila injini zinaganda kama zimepakwa gundi, na ndege inaonekana imezimikiwa injini angani.

Q400 ikipaa, panga zake zinazunguka mara 1,020 kwa dakika. ATR 72 ni 1,200, na Caravan inafika 1,900. Kwa 1/200 ya sekunde, panga za zote tatu zinasafiri karibu nusu ya nafasi iliyopo kati ya panga moja na jingine, na unapata ule ukungu wa mviringo unaoonyesha kuwa injini inafanya kazi. Ukitaka duara lililojaa, shuka hadi 1/100 au chini zaidi, ila uwe tayari kutupa picha nyingi.

Sasa jaribu kushika 1/200 kwa milimita 600. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isiwe chini ya moja juu ya milimita za lenzi, na kwenye APS-C unazidisha tena kwa moja na nusu, kwa hiyo mkono mtupu ungetaka 1/900. Pengo hilo lote linazibwa na kizuia mtikisiko pamoja na kiuno chako kinachozungukia ndege. Lenzi ya kilo mbili inayotoka nje ukiivuta inakuwa kazi ya gereji. Lenzi nyepesi inayofika 400 inafuata ndege kwa ulaini, na kati ya picha kumi unazoondoka nazo, zilizokaa sawa zinakuwa nyingi zaidi. Ukiweza, chagua yenye hali ya pili ya kizuia mtikisiko, ile inayoacha mwendo wa ubavuni uende na kuzuia wa juu na chini peke yake. Canon, Sony na Sigma wanaiita Mode 2, ingawa si kila lenzi yao ina swichi yake. Kwenye Nikon, hali ya kawaida inatambua yenyewe kwamba unafuata kitu.

Kuna jambo jingine la pangaboi ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye jua kali, ukiwa na ISO 100 (wepesi mdogo wa sensa kwa mwanga) na 1/200, mwanga unakulazimisha kubana tundu la lenzi hadi f/11 (namba ya f ikikua, tundu linakuwa dogo). Hapo lenzi ya bei mbaya ya f/4.5 na lenzi rahisi ya f/8 zimekuwa sawasawa, kwa sababu zote unazitumia kwa f/11. Fedha uliyolipia tundu kubwa inafanya kazi alfajiri, jioni na siku ya mawingu mazito tu. (Na kwa f/11 kila punje ya vumbi kwenye sensa inajitokeza angani kama doa jeusi, kwa hiyo nunua kipulizia cha mpira kabla hujafikiria lenzi ya pili.)

Lenzi zenyewe, zikiwekwa pamoja

DSLR ni kamera zenye kioo ndani; Canon R, Sony E na Nikon Z hazina kioo. Uzito ni bila pete ya stendi (ya kuifungia lenzi kwenye tripodi) kwa zile ambazo pete yake inatoka, isipokuwa Nikon 200-500 na Sigma 150-600, ambazo nimezihesabu pamoja na pete.

| Lenzi | Kwa kamera | Uzito | Filta |
|---|---|---|---|
| Canon RF 100-400 f/5.6-8 | Canon R | gramu 635 | mm 67 |
| Sigma 100-400 f/5-6.3 C | DSLR za Canon, Nikon | gramu 1,160 | mm 67 |
| Canon EF 100-400 f/4.5-5.6L II | DSLR za Canon. R kwa adapta | gramu 1,570 | mm 77 |
| Sony FE 100-400 f/4.5-5.6 GM | Sony E | gramu 1,395 | mm 77 |
| Sigma 150-600 f/5-6.3 C | DSLR za Canon, Nikon | gramu 1,930 | mm 95 |
| Nikon AF-S 200-500 f/5.6 | DSLR za Nikon. Z kwa adapta | gramu 2,300 | mm 95 |
| Sony FE 200-600 f/5.6-6.3 G | Sony E | gramu 2,115 | mm 95 |
| Nikon Z 180-600 f/5.6-6.3 | Nikon Z | gramu 1,955 | mm 95 |

Ukiwa na Canon ya kizazi cha R, hasa R7, R10 au R50 zenye sensa ndogo, RF 100-400 haina mpinzani kwa kazi hii. Watu wanaidharau kwa sababu ya ile f/8 na mwili wake wa plastiki. Haijafungwa dhidi ya vumbi na mvua, na kofia yake ya kukinga jua unainunua mwenyewe. Lakini fokasi yake ni ya haraka na ya kimya, kizuia mtikisiko kinafanya kazi vizuri, na unaweza kuishika saa mbili bila kutafuta pa kuegemea. Ilipotoka mwaka 2021 Marekani iliuzwa kama dola 650, sehemu ndogo ya bei ya RF 100-500 iliyoitangulia kwa mwaka mmoja. Kwa ndege zinazopigwa picha mchana, tofauti ya picha kati ya hizo mbili hailingani na tofauti ya bei. Ningeongeza fedha kwa 100-500 kama tu kazi yangu ingekuwa ya kulipwa, mvua inyeshe isinyeshe.

Kwa wenye DSLR za Canon, kuna njia mbili. EF 100-400 ya pili, iliyotoka mwaka 2014, bado ni moja ya lenzi bora kabisa za ndege zilizowahi kutengenezwa, na kwa kuwa watu wengi wamehamia mfumo wa R, zilizotumika zinapatikana kwa bei ya maana. Usiichanganye na ile ya kwanza ya mwaka 1998 unayoivuta kwa kusukuma mbele na nyuma. Nayo si mbaya, ila kizuia mtikisiko chake ni cha kizamani na kwa pangaboi utaliona pengo. Mfuko ukigoma, Sigma 100-400 inatoa picha inayokaribia kabisa. Udhaifu wake ni kwamba haina pete ya stendi, na kwenye kamera ndogo kama 2000D mbele inakuwa nzito. Tamron nao wana 100-400 ya mwaka uleule wa 2017, na pete unaweza kuinunua kando. Kati ya hizo mbili za mwisho, chukua ile utakayoipata katika hali nzuri zaidi. Sioni sababu ya kugombana juu yake.

Nikon ndiko chaguo linakoumiza kichwa. AF-S 200-500 ina f/5.6 tangu mwanzo hadi mwisho, ina picha kali hata kwa 500, na iliingia sokoni mwaka 2015 kwa bei iliyowashtua wengi kwa urahisi wake. Tatizo ni kwamba inaanzia 200, ina kilo 2.3, na pete unayozungusha ili kuvuta (zoom) ina mzunguko mrefu: kutoka 500 hadi 200 unalazimika kuzungusha, kuachia na kushika tena, wakati huo ndege inakupita. Kwa mwenye D750 au D850 anayesimama mbali na njia ya kurukia, ni lenzi safi. Kwa mwenye D5600 au D7500 anayesimama karibu, ningempeleka kwenye Sigma 100-400 bila kusita. Ukiwa Nikon Z, 180-600 imerekebisha mengi: urefu wake haubadiliki ukivuta, na mzunguko ni mfupi kiasi cha kumalizika kwa mkono mmoja.

Sony FE 200-600 ina sifa hizohizo, haitoki nje ukivuta na mzunguko wa pete yake ni mfupi na laini, na ndiyo sababu wapiga picha wa maonyesho ya ndege wanaipenda. Ila nayo inaanzia 200. Kwa sensa kamili na ndege za ukubwa wa A220-300 (mita 38.7) inakaa vizuri, kwani kwa mita 220 bado ndege nzima inaingia. Kwa a6400 na 787, jiandae kupiga madirisha. Sigma wana 100-400 ya Sony pia, iliyotengenezwa upya mwaka 2020 kwa kamera zisizo na kioo, na ndiyo ningemshauri mwenye a6400 aanze nayo kabla ya kuifikiria GM.

Na walioanza na kifurushi cha dukani? Canon EF 75-300 ya tatu, ile inayouzwa pamoja na kamera za bei nafuu, haina kizuia mtikisiko, fokasi yake inatafutatafuta, na kwa 300 picha inalegea. Usiiongezee hata mia. EF-S 55-250 IS STM ina gramu 375 tu na kwenye APS-C inaijaza 787 kwa mita 600 na ushee. Ni lenzi ya kujifunzia isiyokutia hasara. Upande wa Nikon, AF-P 70-300 VR ni nzuri kwa bei yake, lakini kwenye kamera za zamani kama D90, D3100, D5100 na D7000 fokasi haifanyi kazi kabisa. Ijaribu kwenye kamera yako kabla hujatoa fedha.

Mazigazi hayajali bei ya lenzi

Lami ikishapata jua la saa nne, hewa ya juu yake inaanza kucheza. Mwanga unapita kwenye tabaka za joto tofauti na kupindapinda, na maandishi ya ubavuni mwa ndege yanakuwa kama yameandikwa ndani ya maji. Lenzi ya milioni nyingi na lenzi ya laki chache zinapata picha mbovu ileile. Kadiri ndege ilivyo mbali, ndivyo unavyopiga kupitia hewa mbovu nyingi zaidi, na hapo ndipo ndoto ya 600 inapofia. Inakuletea karibu ndege ya mbali, pamoja na mazigazi yote yaliyo katikati.

Kwa hiyo saa za kazi ni kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu hivi asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni. Mchana wa karibu na ikweta una kasoro nyingine: jua liko utosini, tumbo la ndege linakuwa jeusi na kivuli cha bawa kinafunika injini. Nairobi ina nafuu kidogo. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ni za sweta, kwa hiyo hewa inatulia muda mrefu kuliko Dar. Ndege ikiwa tayari imepaa na nyuma yake ni anga tupu, mazigazi hupungua, na hapo 500 au 600 inaweza kukulipa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza halali ya kuinunua. Ya pili ni Caravan na ndugu zake ukiwa huna namna ya kusogea karibu. Ya tatu ni ndege za mwinuko wa juu, zile zinazochora mistari meupe.

Telekonvata ya mara 1.4, kipande cha vioo kinachofungwa kati ya lenzi na kamera, inaonekana kama njia ya mkato kutoka 400 hadi 560. Kwenye lenzi ya f/5.6 unaangukia f/8, na DSLR nyingi hapo zinabaki na nukta ya katikati peke yake ya fokasi, nyingine hazifokasi kabisa. Kamera zisizo na kioo zinavumilia. Hata hivyo, kukata picha ya 400 yenye pikseli milioni 24 mara nyingi kunatoa jibu lilelile bila gharama.

Afande naye yumo kwenye hesabu

Viwanja vya ndege ni maeneo nyeti, na kupiga picha bila ruhusa kunaweza kukufikisha kituoni. Omba ruhusa kwa mamlaka ya uwanja, beba barua na kitambulisho, na ukiambiwa hapana, ondoka. Lenzi ndogo si ya kukwepea askari. Lakini hata ukiwa na barua mkononi, lenzi nyeupe ya urefu wa mkono itakuletea maswali kila baada ya nusu saa, na kila swali ni ndege moja iliyokupita. Lenzi nyeusi ya 100-400 inayoingia kwenye begi la kawaida inakuachia muda wa kupiga picha. Na kwenye bodaboda au daladala, kilo mbili za vioo zenye filta ya milimita 95 ni wasiwasi mtupu.

Ukinunua iliyotumika

Lenzi zilizokaa pwani huota kuvu. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tundu likiwa wazi kabisa, uchungulie kutoka mbele. Vinyuzi kama utando wa buibui maana yake uirudishe. Vumbi dogo lisikutishe. Vuta lenzi hadi mwisho, iinamishe chini, uone kama inateleza yenyewe. Baada ya hapo toka nje ya duka nayo, weka fokasi ya kufuatilia, kasi ya 1/200, na fuata magari yanayopita barabarani kwa urefu wake wote. Lenzi isiyoweza kukupa namba ya daladala inayosomeka haitakupa namba ya usajili ya ATR.